Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Programu Zinazoendesha Mitambo ya Meli za Mizigo kwa Kufuata Mahali Meli Ilipo

Programu ya aina hii hufanya kazi gani hasa melini?

Husoma latitudo na longitudo za meli, huzilinganisha na mipaka iliyohifadhiwa ndani yake, kisha hutoa amri kwa mtambo, huzuia amri isitekelezwe, au humkumbusha afisa wa zamu kwamba kuna jambo linalopaswa kufanywa kabla ya kufika mahali fulani. Baharini hakuna ukuta wala bango, lakini meli ya mizigo inayotoka bahari kuu kwenda gatini huvuka mistari mingi: upo mstari ambao ukishauvuka huruhusiwi tena kuchoma mafuta yenye salfa nyingi, upo wa kumwaga maji taka, upo wa kupunguza kasi ili nyangumi wasigongwe, na upo hata wa kuzima mtambo wa mawasiliano ya setilaiti. Zamani yote hayo yaliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katika chumba cha usukani, na katika meli nyingi karatasi hiyo bado ipo, jambo ambalo sioni ubaya wake hata kidogo.

Ni kanuni zipi zinazotegemea mahali meli ilipo?

Nyingi zinatoka katika MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue mazingira. Tangu tarehe 1 Januari 2020 mafuta ya meli hayaruhusiwi kuwa na salfa zaidi ya asilimia 0.50 popote duniani, isipokuwa meli iwe na mtambo ulioidhinishwa wa kusafisha moshi. Ndani ya maeneo maalumu ya udhibiti wa uchafuzi wa hewa kiwango kimekuwa asilimia 0.10 tangu mwaka 2015. Maeneo hayo ni pamoja na Bahari ya Baltiki, Bahari ya Kaskazini, pwani za Marekani na Kanada, sehemu ya Karibi iliyo chini ya Marekani, na, kuanzia tarehe 1 Mei 2025, Bahari ya Mediterania.

Maji taka ya vyooni ambayo hayajasagwa wala kuuliwa vijidudu humwagwa tu zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu, na hapo mahali peke yake hapatoshi, kwa kuwa meli inapaswa pia kuwa safarini kwa kasi isiyopungua noti 4 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Yakishasagwa na kuuliwa vijidudu, umbali unashuka hadi zaidi ya maili 3. Kubadilisha maji ya farumi, yaani maji yanayobebwa ili meli itulie, baharini kunatakiwa kufanywa angalau maili 200 kutoka nchi kavu ya karibu, mahali penye kina cha mita 200 au zaidi, au ikishindikana, angalau maili 50 kwa kina hicho hicho. Ni kweli kwamba tangu tarehe 8 Septemba 2024 meli zinatakiwa kufikia kiwango cha kusafisha maji hayo badala ya kuyabadilisha tu, lakini kanuni ya umbali haijafutika, kwa kuwa hurudiwa pale mtambo wa kusafisha unapoharibika na mamlaka ya bandari ikakubali njia hiyo.

Plastiki haimo katika orodha ya programu hizi kwa sababu rahisi: hairuhusiwi kutupwa popote baharini, kwa hiyo hakuna mstari wa kuchora.

Kwa nini programu isisubiri meli ifike mpakani ndipo ibadilishe mafuta?

Kwa sababu mafuta hayabadiliki kama taa inavyozimwa na kuwashwa. Mafuta ya zamani yamejaa katika mabomba, vichujio na tangi la kuchanganyia, na mafuta mapya yanaingia humo yakichanganyika nayo kidogo kidogo. Tuseme mfumo unabeba tani 4, injini inakula tani 2 kwa saa, mafuta ya zamani yana salfa asilimia 0.48 na mapya yana asilimia 0.05. Ukifanya hesabu ya mchanganyiko, utaona kwamba salfa inashuka hadi asilimia 0.10 baada ya saa 4.3 hivi. Meli inayokwenda noti 14 itakuwa imesafiri maili 60 katika muda huo, na kama ilianza kubadilisha ikiwa maili 10 kutoka mpakani, imeshavunja sheria kwa saa kadhaa ilhali kioo kinaonyesha kwamba kila kitu kilitekelezwa.

Sasa badilisha tarakimu moja tu: mafuta mapya yawe na salfa asilimia 0.09 badala ya 0.05. Yote mawili ni halali, na yote mawili yatapita katika ukaguzi wa cheti cha mafuta. Lakini muda unapanda hadi saa 7.3, na umbali unavuka maili 100. Ndiyo maana programu inayouliza "zimebaki maili ngapi?" bila kuuliza salfa iliyoandikwa kwenye cheti cha mafuta, wingi wa mafuta yaliyomo katika mfumo na kiasi kinacholiwa kwa saa, inajibu swali ambalo si lake. Mpaka unapaswa kutafsiriwa kuwa saa ya kuanza kazi, na saa hiyo ihesabiwe upya kila kasi ya meli inapobadilika.

Kuna pia suala la joto. Mafuta mazito hupashwa moto ili yapite katika pampu, na dizeli ya meli haihitaji kupashwa. Watengenezaji wa injini kwa kawaida hushauri joto lisibadilike kwa zaidi ya nyuzi 2 za Selsiasi kwa dakika, kwa maana pampu za mafuta zina nafasi finyu mno kati ya pistoni na silinda yake, na chuma kikipoa ghafla zinakwama au zinavuja. Kushuka kutoka nyuzi 100 hadi 40 kunachukua basi dakika 30 kwa uchache. Meli iliyozimika injini ikiingia mlango wa bandari ni hatari kubwa kuliko faini yoyote ya salfa.

Programu inajuaje kwamba mahali inapoonyeshwa ni pa kweli?

Hili ndilo swali ambalo wanunuzi hulipita haraka, nami ningependa wasimame hapa kwa muda mrefu zaidi. Kipokezi cha setilaiti hakitumi mahali tu, bali hutuma sentensi yenye sehemu nyingi, na baadhi ya sehemu hizo zinaeleza ubora wa habari yenyewe. Katika sentensi iitwayo GGA ya NMEA 0183, lugha ambayo vyombo vya melini hutumiana habari, kuna tarakimu moja baada ya longitudo: ikiwa 0 hakuna mahali palipopatikana, ikiwa 1 ni setilaiti za kawaida, ikiwa 2 kuna masahihisho ya ziada, na ikiwa 6 kipokezi kinakadiria tu kwa kutumia kasi na mwelekeo wa mwisho. Sentensi nyingine, iitwayo RMC, ina herufi A kwa habari halali na V kwa onyo. Programu nyingi duni husoma latitudo na longitudo na kuziruka herufi hizi.

Gharama ya kuziruka ilionekana tarehe 10 Juni 1995. Meli ya abiria ya Royal Majesty ilikuwa ikitoka Bermuda kwenda Boston. Muda mfupi baada ya kuondoka, waya wa antena ya kipokezi cha setilaiti ulitengana, kipokezi kikaingia katika hali ya kukadiria, na kioo chake kidogo kikaandika herufi za kueleza hivyo. Usukani wa kujiendesha haukuzielewa ishara hizo, ukaendelea kupokea latitudo na longitudo kana kwamba zilitoka angani. Kwa zaidi ya saa 34 meli ilisukumwa pembeni na upepo na mkondo, na ilipopanda fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani, ilikuwa maili 17 hivi kutoka mahali ambapo maafisa waliamini ipo. Hakuna aliyekufa. Haikuwa meli ya mizigo, lakini waya, sentensi na kosa la kuunganisha ni vile vile, na mitambo ya leo inayofungua vali kwa kufuata sentensi hizo hizo inaweza kuangukia katika shimo hilo hilo.

Kwa hiyo kila mahali panapopokewa na programu panapaswa kuambatana na umri wake, ubora wake na chanzo chake, na programu iwe na hali ya tatu mbali na "ndani" na "nje", yaani "sijui". Ikiwa haijui, inachukua upande ulio mkali zaidi: inadhani meli imo ndani ya eneo la udhibiti, inazuia kumwaga, na inampigia afisa wa zamu kengele.

Na ikiwa mawimbi ya setilaiti yameghushiwa?

Mawimbi ya setilaiti yanayofika melini ni dhaifu, na mtu mwenye kifaa anaweza kuyafunika au kutuma ya uongo. Mwezi Juni 2017, meli kadhaa zilizokuwa katika Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk zilionyeshwa na vipokezi vyake kuwa zipo katika uwanja wa ndege wa Gelendzhik. Uongo wa namna hiyo ni rahisi kuukamata: meli inayokwenda noti 14 husogea mita 432 kwa dakika, na mahali panaporuka kilomita nyingi katika sekunde moja hapahitaji uchunguzi. Uongo mgumu ni ule unaovuta meli polepole, mita chache kila dakika.

Dawa yake ni kulinganisha. Kasi na mwelekeo vinavyotoka kwa setilaiti vilinganishwe na dira ya gairo na kipima kasi cha majini, huku mkondo ukizingatiwa. Kina kinachopimwa chini ya meli kilinganishwe na ramani. Vipokezi viwili viwekwe mbali kimoja na kingine, na ikiwezekana kimoja kisome setilaiti za GPS na kingine za mfumo tofauti kama Galileo au GLONASS, ingawa anayeghushi mfumo mmoja anaweza kughushi na mwingine. Kilichobaki ni rada na macho ya mtu dirishani, ambavyo havidanganywi kwa njia hiyo.

Meli ikisafiri sambamba na mpaka, je, mitambo haitawashwa na kuzimwa mara kwa mara?

Itafanya hivyo ikiwa mpaka umechorwa bila unene. Meli hupepesuka, kipokezi kina makosa yake ya mita kadhaa, na njia za safari mara nyingi hupangwa makusudi zifuate ukingo wa eneo ili kuokoa mafuta ya bei kubwa. Weka mistari miwili: wa kuingilia uwe nje kidogo ya mpaka halisi, wa kutokea uwe mbali zaidi baharini kuliko huo, na meli itakiwe kubaki upande mmoja kwa dakika kadhaa kabla hali haijabadilishwa. Kengele inayolia mara nane kwa zamu moja itanyamazishwa na baharia mwenye akili timamu, na sitamlaumu.

Ni makosa gani ya hesabu yanayojitokeza zaidi katika kuchora mipaka?

La kwanza ni longitudo 180. Karibu na Fiji, meli inavuka kutoka nyuzi 179.99 mashariki hadi 179.99 magharibi kwa dakika chache, na programu isiyoandaliwa inadhani imezunguka dunia. La pili ni kusahau kwamba mahali panaposomwa ni pa antena, si pa meli. Meli yenye urefu wa mita 300 na antena karibu na tezi huingiza omo yake katika eneo mita 250 kabla antena haijafika, hivyo ni umbo lote la meli linalopaswa kulinganishwa na mpaka. La tatu ni kipimo cha rejea, yaani umbo la dunia linalotumika kuhesabia latitudo na longitudo: setilaiti hutumia kile kiitwacho WGS 84, lakini mipaka iliyonakiliwa kutoka ramani kongwe huenda ilichorwa kwa kipimo kingine, na tofauti inaweza kufikia mamia ya mita.

La nne ni la kisheria, na wahandisi wa programu hulikosea kwa urahisi. "Nchi kavu ya karibu" katika MARPOL si ufuo unaouona bali ni mstari wa msingi ambao bahari ya nchi hupimiwa. Zaidi ya hapo, kaskazini mashariki mwa Australia mkataba wenyewe umetaja mstari wa pekee, unaopita nje ya miamba mikubwa ya matumbawe, na umbali huhesabiwa kutoka hapo. Aliyechukua picha ya mwambao wa dunia kutoka intaneti na kuongeza maili 12 kuizunguka atapotea pale bila kujua.

Je, programu iruhusiwe kufungua na kufunga vali yenyewe?

Tenganisha kuzuia na kutenda. Kuzuia vali ya maji taka isifunguke meli ikiwa maili 5 kutoka pwani ni jambo ambalo programu inaweza kuachiwa, kwani ikikosea, hasara ni tangi kujaa kidogo zaidi. Vivyo hivyo kwa mtambo wa kusafisha moshi unaomwaga maji yake baharini, ambao bandari nyingi zimeupiga marufuku. Kuanzisha ubadilishaji wa mafuta ni jambo lingine, kwa kuwa injini kuu inaweza kuzimika. Hapo programu iandae hatua zote, ionyeshe saa ya kuanza, kisha isubiri mhandisi wa zamu athibitishe.

Kuna vali ambazo hazipaswi kuguswa kabisa. Maji ya ngama, yaani yanayokusanyika chini kabisa ya meli, hupita katika chombo cha kuchuja mafuta kabla ya kumwagwa, na mafuta yaliyobaki yasizidi sehemu 15 kwa milioni. Huko programu inaweza kuweka kizuizi cha mahali. Lakini bomba la dharura la kunyonya maji chumba cha injini kinapofurika ni la kuokoa roho za watu. Mkataba wenyewe unaruhusu kumwaga pale usalama wa meli au uhai wa watu unapohitaji hivyo. Kizuizi chochote kiwe na njia ya kukivuka kwa mkono, bila nenosiri linalojulikana na mtu mmoja aliyelala, na kila mara kinapovukwa habari iandikwe pamoja na saa na mahali.

Je, inaongoza meli?

Hapana. Usukani na wajibu wa kutazama baharini ni wa nahodha na maafisa wake.

Je, tunaweza kuiunganisha na ramani ya kielektroniki ya ECDIS?

Kusoma kutoka ECDIS kunawezekana, na ni jambo jema, kwa sababu njia iliyopangwa humo inaiwezesha programu kujua mapema mpaka utavukwa saa ngapi. Kuandika ndani yake ni marufuku kwa vitendo, kwa kuwa ni kifaa kilichoidhinishwa kwa aina na kwa toleo lake.

Mtambo wa mawasiliano ya setilaiti unahusikaje?

Kwa mujibu wa Azimio la 902 la mkutano wa redio duniani wa mwaka 2003, mtambo wa melini unaotuma kwa masafa ya redio ya bendi ya C unahitaji ridhaa ya nchi ya pwani ukiwa ndani ya kilomita 300, na kwa bendi ya Ku ndani ya kilomita 125. Antena nyingi za kisasa zinanyamaza zenyewe. Mabaharia wanaopoteza mawasiliano na nyumbani usiku wa manane huona kwamba kifaa kimeharibika, kwa hiyo waandikieni tangazo dogo kwenye kioo: "Antena imenyamazishwa kwa sababu ya mahali, itarudi saa fulani." Litawapunguzia simu nyingi za malalamiko.

Nani anasasisha mipaka na kanuni?

Mwenye meli anawajibika, hata akimlipa mtu mwingine aifanye kazi hiyo. Kila kanuni ihifadhiwe pamoja na tarehe yake ya kuanza na ya kukoma. Mediterania ilipobadilika, programu iliyopangwa vizuri ilikuwa na umbo hilo miezi kadhaa kabla, likiwa limelala, kisha likaamka lenyewe tarehe 1 Mei 2025. Baadhi ya kanuni ni za majira: katika sehemu za pwani ya mashariki ya Marekani, meli zenye urefu wa futi 65 na zaidi hutakiwa zisizidi noti 10 katika miezi ya nyangumi, na miezi hiyo hutofautiana kutoka eneo moja hadi jingine.

Kumbukumbu zake zinakubalika mbele ya mkaguzi?

Zinasaidia, lakini hazichukui nafasi ya vitabu vinavyotakiwa kisheria isipokuwa serikali ya bendera, yaani ya nchi ilikosajiliwa meli, imeidhinisha kitabu cha kielektroniki. Kwa mafuta, kanuni inataka kuandikwa kiasi kilichopo katika kila tangi, tarehe, saa na mahali meli ilipokuwa ubadilishaji ulipokamilika. Andikeni daima saa ya UTC, ambayo ni moja duniani kote, si saa ya melini inayosogezwa usiku. Tena angalieni umri wa vipokezi: hesabu ya wiki za GPS hurudi sifuri kila baada ya wiki 1,024, ilivyotokea tarehe 6 Aprili 2019, na kipokezi kongwe kinaweza kuendelea kuonyesha mahali sahihi huku tarehe ikiwa ya miaka 19 nyuma.

Na wavamizi wa mtandao?

Tangu mwaka 2021 hatari za kimtandao zinapaswa kuwamo katika mfumo wa usimamizi wa usalama wa meli, na meli zilizowekewa mkataba wa kujengwa kuanzia tarehe 1 Julai 2024 zinafuata masharti ya UR E26 na E27 ya jumuiya za uainishaji wa meli. Kwa vitendo: habari za mahali zitoke chumba cha usukani kwenda chumba cha injini kwa njia ya upande mmoja, mtandao wa mabaharia usigusane na wa mitambo, na fundi wa nchi kavu asiingie kwa mbali mpaka mtu aliyemo melini amemfungulia.

Meli yetu ni kongwe. Vidhibiti vyake vya PLC, yaani kompyuta ndogo zinazoendesha mitambo, vina miaka 20. Tufanye nini?

Anzeni kwa kusoma tu. Programu isiyotoa amri yoyote, inayoonyesha saa iliyobaki kabla ya kila mpaka na kupiga kengele, inatoa sehemu kubwa ya faida bila kugusa waya hata mmoja wa mitambo.

Kabla ya kununua, tumtake muuzaji atuonyeshe nini?

Msiridhike na onyesho la ofisini ambamo meli ya katuni inavuka mstari mwekundu. Mleteni melini, gatini, programu ikiwa inafanya kazi, na mwombeni achomoe waya wa antena kwa mkono wake. Hesabuni sekunde hadi programu iseme haijui mahali ilipo, na tazameni vali ya maji taka inafanya nini katika sekunde hizo. Kisha arudishe waya, na muangalie kama programu inaamini mahali papya papo hapo au inasubiri kwanza paungwe mkono na dira na kipima kasi. Mwisho achukue rekodi ya safari yenu halisi ya mwezi uliopita na kuipitisha ndani ya programu, ili mhandisi mkuu wenu, ambaye anajua siku ile alibadilisha mafuta saa ngapi na kwa nini, aseme kama angekubali ushauri wake.